Sababu Tulizompa Mwanakombo

Mwezi uliopita nilikwenda Bodo matangani, na mpaka leo hasira haijanitoka. Aliyefariki ni Mwanakombo, ambaye katika ujana wangu alikuwa jirani yetu kule nyuma ya Msambweni. Nilifika siku ya pili, nikaketi chumbani na wanawake wenzangu, tukaletewa chai ya tangawizi na mahamri. Kabla sijamaliza kikombe changu nikamsikia binti mmoja, mjukuu wa ndugu yake marehemu, akimweleza mgeni aliyekaa karibu nami. "Bibi hakuwa mtu wa watu," alisema. "Ndivyo alivyoumbwa. Hata arusini alikuwa hakai." Mgeni akaitikia kwa kichwa. "Wako watu hivyo," akasema, akachukua hamri la pili. Hawakuwa na ubaya wowote, na hilo ndilo lililonichoma. Walikuwa wamemweleza mtu maisha yake yote kwa sentensi mbili, wakaridhika, wakaendelea na chai. Nilitaka kusema, Bi we, hakuumbwa hivyo, alifunzwa, na mmoja wa walimu wake ndiye huyu uliyekaa naye goti kwa goti. Nilinyamaza. Nilijiambia kwamba matangani si mahali pa kuzua maneno, lakini sababu hiyo siiamini sana, ndiyo maana ninaandika.

Mwaka ninaousema ni ule wa Uhuru. Nilikuwa na miaka kumi na sita, nikiishi kwa shangazi yangu, Bi Tatu, na jinsi nilivyofika kwake si habari ya leo. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba vitatu, lakini maisha yetu yote yalikuwa uani. Jiko lilikuwa upande mmoja, mtungi wa maji upande wa pili, na katikati palikuwa na mkorosho ambao chini yake, kila siku baada ya sala ya adhuhuri, wanawake wanane au tisa walikusanyika na kazi zao za ukindu. Kwa asiyejua kazi hii, majani ya mkindu hukaushwa, yakachanwa, mengine yakatiwa rangi, kisha yakasukwa kuwa ukanda mrefu mwembamba uitwao ukili. Kanda hizo zikishonwa pamoja ndipo unapopata mkeka. Aliyezoea husuka ukili bila kuutazama. Mikono yajua njia yenyewe. Basi macho na akili zetu zilibaki hazina kazi, nasi tukazipa kazi ya kuwachambua watu.

Shangazi alikuwa kungwi. Alikuwa amewafunda nusu ya wanawake wa kijiji, na neno lake halikurudishwa. Hakuna mwenendo wa mtu ambao hakuwa na jibu lake. Fulani hakuja hitimani? Dharau. Fulani amekonda? Kijicho kinamla. Fulani ameacha kusalimu? Mumewe amenunua baiskeli, kichwa kimevimba. Lakini yeye alipokosa kwenda hitima, ulikuwa mguu wake, wauma tangu juzi. Na mimi nilipounguza wali, zilikuwa kuni mbichi, naye alinikubalia bila shida kwa kuwa nilikuwa mtoto wake. Sikumsikia hata siku moja akimdhania mtu mwingine kwamba labda naye ana mguu. Nilimpenda sana shangazi, nampenda hata sasa akiwa kaburini. Angekuwa mtu mbaya ningeshamalizana na habari hii zamani.

Mwanakombo alikuwa mke wa Hamisi seremala, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Hamisi alimwoa Bodo akamleta kwetu, na baada ya mwaka akashika mimba. Alishikwa na uchungu siku tatu. Mtoto alitoka amekufa. Sote tulikwenda kumpa pole, tukapika, tukafua, tukafanya kila linalopasa kufanywa. Arobaini ilipokwisha alianza kutoka tena, lakini tukamwona amekuwa mtu mwingine. Alikuja uani kwetu mchana na ukindu wake kama zamani, akasimama mlangoni pa ua.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu mkekani."

"Ahsante. Nimekaa sana nyumbani, acha ninyooshe miguu."

Akasuka amesimama. Kusuka ukili wima si ajabu, wanawake wa kwetu husuka hata wakitembea njiani, na mkono wake ulikuwa mwepesi kuliko wa yeyote pale. Lakini kukaribishwa mkekani na ukakataa, siku ya kwanza, na ya pili, na ya kumi, hilo kwetu halikuwa jambo dogo. Akipewa maji, amekwisha kunywa. Akipewa chai, amekunywa sasa hivi. Baada ya muda mfupi huaga akaenda zake, na harufu ya udi ikabaki uani.

"Mmeusikia huo udi?" Bi Rehema alikuwa akianza hata kabla mlango haujatulia. Huyu alikuwa jirani wa ukuta kwa ukuta, mwanamke mwenye kicheko kikubwa, na shangazi hakuwa na rafiki mwingine wa kumfikia. "Mume yuko Ukunda kazini, mchana kweupe, udi wa nani?"

"Na kanga je?" mwingine akadakia. "Kila alfajiri yuko kisimani, kanga tatu, kanga nne. Mwanamke wa kuoga na kufua kila alfajiri, ametoka kufanya nini?"

"Labda Hamisi bado ana nguvu," alisema Bi Rehema, na ua mzima ukacheka.

"Maji yetu hanywi," shangazi alisema, yeye hakucheka. "Adhani tutamtilia kitu. Mtu hushuku watu lile analoweza kulifanya yeye. Watu wa Bodo ndivyo walivyo, nafsi zao juu."

Hamisi naye hakusalimika. Alionekana akichota maji kisimani mwenyewe, ndoo mbili mbili, na jioni akianika kanga za mkewe nyuma ya nyumba. Mwanamume anayeanika kanga! Wanawake walikubaliana mara moja kwamba amelishwa limbwata, na wanaume huko barazani, nilisikia, walikuwa wamefika palepale bila ya kuongozwa na mtu. Ninapokumbuka jambo hili hupandwa na hasira. Katika kijiji kizima palikuwa na mtu mmoja anayemtendea mkewe wema wa kweli, na wema huo tukauita uchawi.

Mimi pia nilikuwa na mchango wangu. Siku moja nilipita karibu yake mlangoni, na chini ya udi nikasikia harufu nyingine. Nilikuwa na pua, nilikuwa na akili, nilikuwa nimejifunza kusoma na kuandika. Nikarudi chini ya mkorosho, nikasema kwa sauti ya mtu mzima, "Ule udi ni wa kufunika. Yule ni mchafu, haogi vizuri." Wanawake walicheka mpaka Bi Rehema akajishika mbavu. Ilikuwa mara ya kwanza wao kucheka neno langu kama neno la mwenzao, na siku nzima nilitembea nikijiona nimekua.

Karibu na sherehe za Uhuru akaja karani wa kamati kutoka Kwale, mtu wa bara, suruali imepigwa pasi. Alisema wageni wakubwa watakuja, na wanawake wa kijiji chetu wanaombwa washone mkeka mmoja mkubwa wa kukalia wazee. Shangazi alimpikia mihogo ya nazi na samaki wa kukaanga. Alipokula akashiba, karani akawa na maneno. "Lakini nyinyi watu wa pwani," alisema, akichokonoa meno, "mfanye upesi. Nawajua, uvivu mmezaliwa nao. Mnapenda kukaa kivulini." Alipoondoka, shangazi aliwaka. Sijapata kumwona amekasirika vile. "Yeye anajua nini?" alisema. "Ametukuta saa saba, jua la kichwa, tumekaa kivulini. Alikuwapo alfajiri nilipokuwa shamba? Aliniona na kuni kichwani? Mtu akutazama mara moja tu, basi amekwisha kukujua mpaka roho yako!" Tulimwitikia sote kwa uchungu wa kweli, maana alisema haki tupu. Mwanakombo akatokea mlangoni, akasalimu, akakataa kukaa. Alipokwenda, shangazi, hata jasho la hasira halijamkauka, alisema, "Yule namjua mpaka roho yake."

Mkeka tukaushona majuma matatu. Mwanakombo alileta ukili mwingi kuliko sote, umeviringwa vizuri, wa rangi nyekundu na zambarau. Kwetu mkeka mkubwa hautoki nyumbani hivihivi. Kwanza waliousuka huukalia wote pamoja, wakala sinia moja juu yake, ili wa kwanza kuukalia wawe ni watu wenye mapenzi. Shangazi alitangaza siku, kisha akasema maneno ambayo kila mtu aliyasikia. "Mwanakombo asipokaa siku hiyo, atakuwa ametuambia kwa mdomo wake kwamba sisi si watu. Nami nitakwenda kwa Hamisi na kwa mama yake, niwaambie wamrudishe kwao." Hayakuwa maneno ya mzaha. Mama yake Hamisi alikuwa akingojea mtu wa kumshika mkono tu.

Mimi ndiye niliyetumwa kupeleka habari. Nilimkuta mlangoni kwake akikunja kanga, nikampa ujumbe wote, pamoja na kitisho chake.

"Ni lazima kukaa?" aliniuliza. "Nikila nimesimama?"

"Lazima, dada."

"Kukaa kwenyewe kutakuwa kwa muda gani?"

Uso wake ulikuwa umekaza, nami nikausoma kama nilivyofunzwa kusoma nyuso. Nilirudi mbio. "Anauliza tutakaa muda gani," nikasema. "Ala!" akasema Bi Rehema. "Atupimia saa!"

Siku ilipofika, alikuja. Watu husahau sehemu hiyo, lakini alikuja. Alikuwa amejifunga kanga juu ya kanga, na udi ulimtangulia. Mkeka ulikuwa umetandikwa chini ya mkorosho, na juu yake sinia ya wali wa nazi na mchuzi wa papa, na pembeni bakuli la achari ya ndimu. Wanawake wote walikuwa wamekaa. Yeye akasimama ukingoni mwa mkeka.

"Nitakula hapahapa, Bi Tatu. Niwieni radhi."

Shangazi aliinamisha uso, nikajua kwamba jambo limekwisha, na kesho atakwenda kwa Hamisi. Hapo nikainuka mimi. Nataka ieleweke kwamba hakuna aliyenituma. Nilimshika mikono yote miwili nikaanza kuimba kama tuimbavyo tukimkalisha bibi arusi, na wanawake wakapiga makofi wakaitikia. Nilijiona ninamwokoa na ninawachekesha watu kwa mara moja. "Zainabu, niache," aliniambia polepole, karibu na sikio langu. "Tafadhali, niache." Nikamvuta kwa nguvu zaidi. Akakaa.

Alikula matonge mawili. Shangazi alifurahi kikweli, akamsogezea kipande kizuri cha papa kwa mkono wake. "Waona, mwanangu? Ulikuwa ukiogopa nini?" Tulikula tukamaliza, tukanawa, tukaanza kuinuka mmoja mmoja ili mkeka ukunjwe. Mwanakombo hakuinuka. Alitazama sinia tupu. Mwisho akabaki peke yake pale katikati, na shangazi akampa mkono kumsaidia, naye akasimama. Alikuwa ameloa mpaka miguuni, na mkeka ulikuwa umeloa, na harufu haikuweza kufunikwa tena. Alikuwa akitokwa na mkojo asiouweza kuuzuia, mchana na usiku, tangu ile siku ya tatu ya uchungu wake. Leo jambo hilo lina jina, na madaktari hulishona. Yeye mwenyewe alikuja kushonwa Mombasa baada ya miaka mingi, akapona, lakini wakati huo alikuwa amekwisha kuzoea kutokaa na watu. Hakunywa maji yetu ili mkojo upungue. Alifua alfajiri kwa sababu hiyo. Alijifukiza udi kwa sababu hiyo. Kila tulichokuwa tumekichambua chini ya mkorosho kilikuwa na sababu moja, nayo ilikuwa mbele ya macho yetu, na sote tulijua alizaa siku tatu.

Alitoka uani bila ya kukimbia. Nilimtazama shangazi. Yeye alikuwa kungwi, alikuwa amekaa na wanawake wangapi wakijifungua, na kwa muda mfupi niliona usoni pake kwamba ameelewa. Nilingoja aseme. Badala yake alisema Bi Rehema, "Astaghfirullah. Kumbe ndiyo laana yenyewe." Mwingine akasema hata mtoto hakufa bure. Mwingine akauliza alimfanyia nani ubaya huko Bodo mpaka akafungwa hivi. Shangazi alinyamaza, alinyamaza, kisha akasema, "Mtu haadhibiwi bila kosa," na uso wake ukatulia. Mkeka ulikuwa haujakunjwa, nasi tumeshapata sababu mpya. Ile ya kiburi tukaitupa kama ganda, na hakuna aliyesema kwamba tulikosea. Nani akubali kuwa alimtesa mgonjwa mwaka mzima, hali anaweza kusema mgonjwa mwenyewe alijitakia? Nimekuwa na zaidi ya miaka hamsini ya kuwatafutia wanawake wale udhuru, na sijapata unaonitosha.

Tuliuosha mkeka kwa maji ya ndimu, tukauanika, ukapelekwa Kwale. Nami nilikwenda kwenye sherehe, nikapiga vigelegele bendera ilipopanda, nikala pilau, na sikumkumbuka Mwanakombo hata mara moja. Shangazi hakuhitaji kwenda kwa Hamisi. Habari zilifika zenyewe. Hamisi aligombana na mama yake, na wajomba zake, siku kadhaa tulisikia sauti yake. Kisha akampeleka mkewe Bodo, ati akapumzike, na kabla mwezi haujaisha talaka ikamfuata. "Nilibanwa," aliwaambia watu. Nao walimwelewa.

Mwezi uliofuata nilitoka alfajiri nikaenda Bodo kwa miguu. Nilikuwa silali vizuri. Nilimkuta katika kibanda nyuma ya jiko la mama yake, amesimama, ukili mkononi. Nilimsalimu, akaitikia salamu, basi. Hakunikaribisha.

"Nimekuja kukuomba msamaha, dada," nilisema. "Kwa siku ile. Sikujua."

Mikono yake ikaacha kusuka. "Hukujua nini?"

"Kwamba unaumwa. Wallahi hapana aliyejua."

"Hamkujua," alisema, si kwa kuuliza. "Mimi nalidhani mwajua nyote. Kila Bi Tatu aliponiambia karibu mkekani, nalidhani anicheka. Nalidhani mwataka nikae mpate kuona. Nalikuwa nikirudi nyumbani namwambia Hamisi, watu wako hawa wana roho mbaya, wamezaliwa nazo." Akanitazama. "Basi mlidhani nina nini?"

Nilitazama chini. "Kiburi," nikasema.

"Kiburi." Alilirudia neno lile kama mtu anayejaribu chumvi ya mchuzi. "Na mwaka mzima hapakuwa na hata mmoja wa kunijia mlangoni akaniuliza, Mwanakombo, una nini?"

Nilianza kulia. Nikatoa maneno niliyokuwa nimeyapanga njia nzima, kutoka Msambweni mpaka pale, maneno niliyoamini kwamba yanaeleza kila kitu. "Nisamehe, dada. Mimi nilikuwa nafuata wakubwa tu. Mimi ni mtoto. Nina miaka kumi na sita."

Akaushika tena ukili wake, akatafuta pale alipoachia.

"Mimi nina kumi na saba," alisema.